Meza ya pembeni inakusumbua? Kaa kwanza kwenye kochi, afu tutafute tatizo liko wapi

Meza ndogo ya pembeni watu wengi wanainunua wakiwa wamesimama. Unaiangalia kutoka juu, unaizunguka mara moja, unasema hii imekaa vizuri, unabeba. Ikifika nyumbani inatumiwa na mtu aliyekaa, tena mara nyingi hata haiangalii, macho yako kwenye kitabu au simu na mkono unaenda wenyewe kutafuta kikombe. Matatizo karibu yote yanaanzia hapo. Mi nimehangaika na hizi meza miaka mingi, zangu na za ndugu na majirani wanaoniita niwasaidie kupanga sebule, na nikifika siendi kwenye meza kwanza, nakaa kwenye kochi naegemea kabisa kama mtu aliyechoka, afu nanyoosha mkono bila kugeuza shingo. Mkono ukikwama popote nimeshapata pa kuanzia.

Kwa hiyo nawe fanya hivo, kaa kwanza, afu tafuta dalili yako hapa chini. Na tafadhali usikimbilie kununua nyingine, sehemu kubwa ya haya mambo inaisha kwa kusogeza meza, kukaza skrubu au kupunguza vitu juu yake.

Meza ipo ila kikombe kinaishia sakafuni

Hii ndo dalili ninayokutana nayo kuliko zote. Watu wana meza nzuri kabisa pembeni na bado glasi ziko chini karibu na mguu wa kochi, rimoti iko kwenye mto, simu iko juu ya mkono wa kochi inasubiri kudondoka. Mkono umeikataa meza, na unakuwa na sababu zake.

Ya kwanza ni urefu. Mikono ya makochi mengi iko kati ya sm 55 na 65 kutoka sakafuni. Uso wa meza unatakiwa uwe sawa na huo mkono wa kochi au uzidi au upungue kwa sm 5 hivi, na mi binafsi napenda upungue kidogo kuliko uzidi, kwa sababu ukizidi kiganja kinagonga ukingo wa meza kikienda na kinagonga kikombe kikirudi. Ikiwa chini sana unalazimika kuinama pembeni, bega linashuka, mkono unachoka kabla haujafika na unakiachia kikombe mapema. Angalia vizuri mtu anapofanya hivo, kitako cha kikombe kinagusa meza upande mmoja kwanza, kinatikisika, afu kinakaa, na kila mara tone moja linaruka. Ukikuta matone madogo yaliyokauka upande mmoja tu wa meza, ule wa karibu na kochi, meza iko chini mno, hata kama kwa macho inaonekana iko sawa.

Ya pili ni mahali ilipowekwa, na hii watu hawaifikirii kabisa. Kochi la kawaida lina kina cha sm 85 mpaka 95 kutoka nyuma mpaka mbele. Sasa chukua meza ya sm 40, isukume mpaka ukutani kama wengi tunavyopenda ili pakae nadhifu. Meza yote inakuwa imelala sambamba na egemeo la mgongo, yani iko nyuma ya kiwiko chako. Ili uweke kitu unatakiwa upinde mkono kurudi nyuma, na hakuna mtu anayefanya hivo mara mbili. Ivute mbele mpaka katikati ya meza iwe pale kiganja kinapoangukia chenyewe ukiwa umeegemea. Itabaki nafasi tupu nyuma yake, iache, au pitisha waya wa taa hapo. Nimeshaona sebule zikibadilika kwa sm 25 tu za kusogeza.

Ya tatu ni mikono minene ya kochi. Kuna makochi mkono wake peke yake una upana wa sm 25, ukiongeza na mwanya kati ya kochi na meza unakuta kikombe kiko mbali kuliko ulivyodhani. Hapo urefu uwe sawa kabisa na mkono wa kochi ili uweze kuteleza juu yake, na mwanya ubaki mdogo, sm 5 zinatosha kwa vidole kupita wakati wa kusafisha.

Kama kochi halina mkono, au wewe unakaa katikati na pembeni wanakaa wengine, meza ya kawaida haitakusaidia hata ukiisogeza vipi. Unahitaji ile yenye umbo la herufi C, kitako kinaingia chini ya kochi na uso unakuja juu ya mapaja. Wazo hilo ni la siku nyingi, mbunifu wa fenicha Eileen Gray alitengeneza meza ya namna hiyo ya mabomba ya chuma na kioo mwaka 1927, mguu wake uko upande mmoja tu na uso unapanda na kushuka, ili mtu aweze kula akiwa bado kitandani. Ila kabla hujaitafuta ya kwako lala chini upime uwazi ulioko chini ya kochi, kuna makochi yameshuka mpaka sakafuni na kitako cha meza hakipiti kabisa.

Kabla ya kununua chochote fanya jaribio hili, linachukua dakika kumi. Panga maboksi au vitabu mpaka urefu unaoufikiria, weka kibao juu, na uishi nayo siku mbili. Weka kikombe kweli, weka simu kweli. Usiku wa pili utajua unataka sm ngapi, na ukienda kununua unaenda na futi mfukoni.

Kitandani: unapapasa gizani na kuangusha vitu

Hapa mkono unafanya kazi ukiwa nusu umelala, kwa hiyo kosa dogo linaonekana kubwa. Uso wa meza uwe sawa na juu ya godoro au uzidi kwa sm 5 mpaka 10. Ikiwa chini ya godoro mkono unashuka bila kujua kuna nini huko na kitu cha kwanza kuguswa ni glasi ya maji.

Mara nyingi meza ilikuwa sawa zamani, kilichobadilika ni godoro. Mtu anatoka kwenye godoro la sm 15 ananunua la sm 30, kitanda chote kinapanda, meza inabaki pale pale, afu anashangaa mbona siku hizi simu inaanguka kila usiku. Ukibadilisha godoro pima upya. Ikiwa imepungua kidogo unaweza kuongeza miguu, kuna miguu ya kufunga kwa skrubu, au weka trei yenye ukingo juu yake, na huo ukingo ndo unasaidia zaidi kwa sababu simu ikitetemeka haitembei mpaka ikaanguka. Angalia pia droo inafungukia wapi. Droo inayogonga mbao ya kitanda ikifika nusu utaacha kuitumia ndani ya wiki mbili.

Watu wanagonga magoti na vidole vya miguu

Pita kutoka mlangoni mpaka kochi ukiwa umebeba kitu mikononi, usiangalie chini. Njia inayopitwa kila siku inataka sm 75 mpaka 90. Meza ya pembeni isitokeze mbele kuliko kiti cha kochi, ikitokeza lazima kuna mtu ataikuta na goti. Kwa meza ya katikati acha sm 35 mpaka 45 kati yake na kochi, hapo mguu unapita na mkono unafika. Kona zikiwa zinaelekea njiani chagua ya duara, hilo sina mjadala nalo, kona ya meza ya mraba kwenye njia itamuumiza mtu siku moja.

Kila kitu kiko sawa kwa vipimo ila machoni haikai

Hii inasumbua kwa sababu mtu hawezi kuisema, anakuambia tu "kuna kitu". Mara nyingi ni uzito wa macho. Kochi zito lililoshuka mpaka chini, pembeni yake meza nzito ya boksi isiyo na miguu, na zulia nene, upande huo wa chumba unaonekana kama umezama. Au kinyume chake, kochi la miguu myembamba, viti vya miguu myembamba, meza nayo ya miguu myembamba minne, ukikaa chini kuangalia unakuta msitu wa vijiti. Mbunifu Eero Saarinen alichoshwa na hilo jambo, ndo maana meza na viti vyake alivyovitoa mwaka 1957 vinasimama kwa shina moja linalopanuka chini kama kitako cha glasi ya mvinyo. Somo lake unaweza kulitumia bila kununua kitu chake hata kimoja: hesabu miguu yote inayoonekana sebuleni ukiwa umekaa. Ikizidi, meza ya pembeni iwe ya shina moja au ya boksi. Kama fenicha nyingine zote ni nzito, meza iwe ya miguu myembamba au ya kioo, mwanga upite chini yake.

Sababu nyingine ni kulinganisha kupita kiasi. Meza ya pembeni mbili, ya katikati, na kabati la tivii vyote vya seti moja, mbao ile ile na vishikio vile vile. Hakuna kosa hapo, ila jicho linapita bila kusimama popote. Meza mbili za pande mbili za kochi sio lazima zifanane kabisa, kinachotakiwa ni urefu ukaribiane, na kuwe na kitu kimoja kinachoziunganisha, iwe rangi, iwe aina ya mbao, iwe chuma cha miguu. Zikitofautiana urefu kwa zaidi ya sm 5 hivi kochi linaonekana limeinama hata kama sakafu imenyooka.

Na usijitese kutafuta mbao inayofanana kabisa na sakafu. Mbao inayokaribia kufanana ndo inaonekana kosa, afadhali itofautiane waziwazi, nyeusi juu ya nyeupe au nyekundu juu ya kijivu.

Inayumba

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu watu wanakunja karatasi wanaweka chini ya mguu na kuishi hivo miaka mitano.

Kwanza jua anayeyumba ni nani. Izungushe meza robo mzunguko, jaribu, zungusha tena, jaribu. Kama inayumba kona ile ile ya meza kila mahali, tatizo ni la meza. Kama inatulia sehemu moja na kuyumba nyingine, sakafu ndo haijanyooka, na dawa ni kuiacha pale inapotulia au kuweka miguu ya kurekebisha urefu, ile ya skrubu unayoizungusha kwa vidole.

Kama ni ya meza, shika uso wake kwa mikono miwili uusukume taratibu mbele na nyuma huku unaangalia maungio. Ukiona mwanya unafunguka na kufunga pale mguu unapokutana na fremu, ungio limelegea. Ya skrubu na bolti unaipindua unakaza zote, ila usikaze moja mpaka mwisho ndo uende ya pili. Kaza zote nusu, isimamishe mahali palipo sawa, ikae kwa uzito wake, afu malizia. Nyingi zinazoletwa zikiwa vipande vipande zinayumba tangu siku ya kwanza kwa sababu hiyo tu, mguu mmoja ulikazwa wote wakati mingine haijakaa sawa.

Skrubu ikizunguka tu bila kushika, tundu limeliwa, kwenye chipubodi, yani ubao wa vumbi la mbao lililogandamizwa, ni kawaida sana. Itoe, jaza tundu vijiti vya meno au njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, katisha kilichotokeza, subiri kesho yake, rudisha skrubu. Inashika vizuri. Usiweke skrubu kubwa zaidi kwenye chipubodi, inapasua.

Ungio la gundi likiachia watu wanamwagia gundi mpya juu ya zamani, haidumu. Gundi nyeupe ya mbao inataka kuingia kwenye mbao yenyewe, na gundi kavu imeziba njia. Achanisha ungio, kwangua ya zamani mpaka uone mbao, paka mpya, bana kwa vibanio au hata kamba iliyosokotwa, na uiache siku nzima kabla ya kuweka mzigo. Futa iliyomwagika pembeni kwa kitambaa chenye maji wakati bado mbichi, ikikauka itazuia vanishi kushika na utabaki na madoa meupe.

Mguu mmoja ukiwa mfupi kweli, usikate mitatu mingine. Nimeona meza imekatwa mara tatu na bado inayumba, kila ukikata unahamisha kosa. Ongeza ule mfupi kwa kipande cha felti, kile kitambaa kinene kilichogandamizwa, au ngozi ngumu ya unene unaotakiwa, ukitelezesha karatasi moja moja chini ya mguu mpaka itulie utajua unene huo.

Na kama sakafu yako ina mabonde kila mahali, tafuta ya miguu mitatu. Nukta tatu siku zote zinakaa kwenye bapa moja, kwa hiyo miguu mitatu haiyumbi hata kwenye sakafu mbaya. Stuli ya mbunifu Alvar Aalto ya mwaka 1933 ina miguu mitatu ya mbao iliyopindwa, na mpaka leo watu wanaitumia kama meza ya pembeni. Ubaya wake nitaueleza mwishoni kwenye kuanguka.

Taa juu ya meza inaumiza macho

Kaa. Unaona balbu? Basi taa iko juu mno, au kofia yake ni fupi. Macho ya mtu aliyekaa kwenye kochi yapo kwenye sm 100 mpaka 110 kutoka sakafuni, na ukingo wa chini wa kofia ya taa unatakiwa uwe hapo hapo. Kwa hiyo fanya hesabu, meza ya sm 60 inataka taa ambayo kofia yake inaanzia sm 40 hadi 50 juu ya meza. Ikiwa chini zaidi ya hapo mwanga unamulika meza tu na kitabu kinabaki gizani. Kofia isizidi upana wa meza, ikizidi kila anayepita anaigonga na bega.

Waya ushuke kwa mguu wa nyuma wa meza, ubane na vibanio vidogo au hata uzi wa rangi ya mguu. Usiupitishe chini ya zulia. Unakanyagwa, ngozi yake inachubuka bila wewe kuona, na joto halina pa kutokea, moto unaweza kuanzia hapo. Kama soketi iko mbali, taa ya kuchaji ni jibu zuri kuliko waya unaokatiza njia.

Uso umejaa na bado panaonekana hovyo

Toa kila kitu. Kila kitu kabisa, ufute. Sasa weka kwanza kile unachokiweka kila siku, kikombe, simu, miwani, na uone kinachukua nafasi gani. Hiyo nafasi ni haram kwa mapambo. Watu tunafanya kinyume, tunapamba meza yote ikapendeza afu kikombe kinakuja kinakosa pa kukaa, mapambo yanasukumwa ukutani, na baada ya wiki ni rundo.

Kilichobaki ndo uwanja wako. Kwa meza ya sm 45 vitu vitatu vinatosha na vitofautiane urefu: kimoja kirefu kama taa au chombo chenye tawi moja, kimoja cha katikati, kimoja kilicholala kama vitabu viwili. Vikiwa vyote urefu mmoja panaonekana kama rafu ya dukani. Virefu vikae nyuma, upande wa mbali na mkono, sio kwa sababu ya macho tu, ni kwamba mkono unaokuja bila kuangalia utakiangusha kile kilicho mbele.

Vidogo vidogo kama funguo, dawa na chaja hupaswi kuviondoa, hapo ndo mahali pake, vinataka tu mpaka. Weka trei au bakuli. Vitu vile vile sita vikiwa vimesambaa ni uchafu, vikiwa ndani ya trei vinaonekana vimepangwa. Mi sijui kwa nini jicho linakubali hivo ila linakubali kila mara. Kama bado panafurika basi meza haitoshi kazi unayoipa, tafuta yenye droo au rafu chini.

Mmea unapendeza sana, ila kijungu chenye tundu kiwekee kisahani kisichopitisha maji. Visahani vya udongo usiopakwa rangi vinavuja unyevu polepole na utakuja kugundua siku ya kuhamisha.

Alama, madoa na uso kuharibika

Pete nyeupe chini ya kikombe: unyevu au joto limeingia kwenye vanishi na kunasa humo, mbao yenyewe iko salama. Nilikuwa nayo moja, duara kamili, nyembamba kama imechorwa kwa bikari, ukiigusa huisikii kabisa. Nikaweka kitambaa kikavu cha pamba juu yake, nikapitisha pasi ya joto la chini isiyo na mvuke, sekunde chache nainua naangalia, sekunde chache tena. Mara ya nne ikaanza kukatika vipande upande mmoja, kama ukungu unaondoka kwenye kioo, mpaka ikaisha. Hakikisha pasi haina maji ndani. Ukiogopa pasi paka mafuta ya mgando ulaze usiku kucha ufute asubuhi, inachukua muda ila ni salama.

Pete nyeusi: hapo maji yamevuka vanishi yakafika kwenye mbao, na madini ya chuma yakakutana na asidi iliyomo kwenye mbao ikageuka nyeusi. Pasi haisaidii. Inabidi kutoa vanishi kwa msasa, na doa lenyewe mafundi wanalitoa kwa asidi ya oksaliki, ambayo ni sumu, kwa hiyo glavu, miwani na dirisha wazi, au mpe fundi.

Ukingo umefura na kuwa kama mkate uliolowa: ni chipubodi au MDF. Imetengenezwa kwa vumbi na nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa joto na gundi, zikinywa maji zinafunguka na hazirudi tena. Ukingo uliofura haunyooki. Unaweza kuupiga msasa ukajaza na kupaka rangi, ila zaidi ni kuzuia: kagua chini ya meza na kingo za nyuma, mara nyingi hazijafunikwa, zipake vanishi au rangi kabla deki la sakafu halijazifikia.

Mbao ngumu imepasuka mstari mrefu kufuata nyuzi: mbao inapanuka na kusinyaa kwa upana wake hewa ikibadilika unyevu, kwa urefu wake karibu haibadiliki. Uso ukifungwa kwa skrubu zilizobana pande zote hauna pa kwenda unapasuka. Fundi anayejua anatoboa matundu marefu kidogo ili skrubu iweze kutembea. Uliza hilo kabla ya kuagiza, na isikae chini ya kiyoyozi wala kwenye jua la dirishani mchana kutwa.

Marumaru imepoteza mng'ao sehemu moja: unasugua doa na doa halitoki, kwa sababu hapo jiwe lenyewe limeliwa. Marumaru ni kalisiamu kaboneti, ndimu, siki, soda na mvinyo vinaila. Wengi wanaisafisha kwa siki wakidhani ndo dawa ya asili. Tumia maji na sabuni laini tu. Pakishafifia panatakiwa kung'arishwa upya na fundi wa mawe. Kama unapenda muonekano wa jiwe ila unajua nyumba yako ni ya kumwaga, chukua granaiti, hivyo vitu haviisumbui kwa kiasi hicho.

Miguu ya chuma ikiacha duara la kutu kwenye zulia, weka felti chini. Sakafu ikiwa ya vinaili usitumie mpira, mpira unaiachia rangi ya njano isiyofutika.

Inaanguka, au inakaribia

Weka kiganja kwenye ukingo wa meza katikati ya miguu miwili ubonyeze kwenda chini. Mguu wa upande wa pili ukinyanyuka kwa nguvu kidogo, hiyo meza itakuja kuangushwa na mtu anayejishikilia akiwa anainuka. Sababu ni kwamba uso umetokeza nje ya mstari unaounganisha miguu, na ya miguu mitatu ina ubaya huu kuliko ya minne, mstari kati ya miguu miwili uko karibu sana na katikati. Igeuze ili mguu mmoja uelekee upande watu wanaoshikia, sukuma upande ulio dhaifu uelekee ukutani au kwenye kochi, na kama ina rafu chini weka vitabu vizito huko.

Nyumba yenye mtoto anayeanza kusimama usipime kwa kiganja, pima kwa kuvuta, maana yeye anashika ukingo na kuning'inia. Kioo kiwe kile kilichoimarishwa kwa joto, kikivunjika kinatoka vipande vidogo badala ya mapanga, na chenye mkwaruzo mrefu au kona iliyobanduka kitoe hata kama bado kinapendeza. Taa nzito iondoke kwanza, mpaka akue, na waya uliokuwa unaning'inia pembeni ya meza uuzungushe nyuma ya mguu uufunge sehemu mbili, juu na chini, ili akiuvuta asiivute na meza.